Kuboresha tochi ya bei nafuu: ziba hasara kwanza, nguvu iongezwe mwisho

Tochi ya bei nafuu yenye LED moja na betri ya lithiamu ya 18650 mara nyingi huwa na mwili mzuri tu wa alumini. Kinachoiangusha ni vitu vidogo vilivyo kati ya betri na LED: springi nyembamba ya chuma, swichi yenye mguso hafifu, hesi za mkiani zilizojaa uchafu, na LED iliyokalia hewa tupu badala ya chuma. Umeme unapotea njiani, joto linakosa pa kwenda, na mwanga unaotoka ni pungufu sana kuliko ule ambao vifaa hivyo hivyo vingeweza kutoa.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: pima, safisha, punguza ukinzani, tengeneza njia ya joto, badilisha LED, na mwisho kabisa ndipo uguse mkondo. Anayeanza na mkondo huishia na tochi inayong'aa dakika mbili kisha ikafifia, au na draiva (saketi ndogo inayodhibiti mkondo wa LED) iliyoungua.

Maelezo yote hapa ni ya tochi ya aina hiyo, yenye LED moja ya nguvu. Zile tochi za LED ndogo 9 za milimita 5 zinazotumia betri tatu za AAA hazistahili kuhangaikiwa. Kila LED yake imekusudiwa takribani miliampea 20, joto lake halina pa kutokea ila kwenye miguu miwili myembamba, na mara nyingi zote zimeunganishwa sambamba bila hata rizista moja. Safisha migusano, weka betri nzuri, iache ilivyo.

Vifaa

Unahitaji chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, lehemu ya bati na risasi ya 63/37 (huyeyuka kwenye nyuzi joto 183), fluksi ya rozini, mita ya umeme yenye kipimo cha ampea 10, kibano chenye ncha kali, msasa laini wa namba 400 na 800, spiriti ya kusafishia na vijiti vya pamba. Ongeza waya laini wenye koti la silikoni, ukubwa wa milimita za mraba 0.33 hadi 0.5 (yaani AWG 22 au 20), grisi ya kupitisha joto kama ile inayopakwa kwenye prosesa za kompyuta, na grisi ya silikoni kwa ajili ya mipira ya kuzuia maji. Waya wa koti la plastiki la kawaida utafanya kazi, lakini koti lake huyeyuka na kurudi nyuma mara tu chuma cha kulehemu kinapokaribia, na mahali penyewe ni padogo. Silikoni inavumilia.

Usilehemu kitu chochote betri ikiwa ndani. Na usiilehemu betri yenyewe.

Hakikisha betri si ya uongo

Kabla ya kuilaumu tochi, itazame betri. Betri nzuri ya 18650 huwa na uwezo wa takribani mAh 2500 hadi 3500. Ikiandikwa 6800 au 9900, hiyo ni karatasi tu. Hakuna nafasi ya kuweka kiasi hicho ndani ya mcheduara wa milimita 18 kwa 65. Mizani ya jikoni inatosha kuiumbua: betri halisi ina gramu 45 hadi 50, na ikisoma gramu 30 ujue ndani kuna seli ndogo au pametupwa kitu cha kujazia.

Betri dhaifu huonyesha volti 4.2 vizuri kabisa ikiwa imetulia, kisha huporomoka unapoitaka ampea 2. Hakuna kazi ya mikono itakayoiponya tochi inayolishwa na betri ya namna hiyo. Iliyochanika karatasi ya nje ivalishwe nyingine kabla ya kutumika, maana ganda lote la chuma la betri, ubavuni na hata kwenye mabega karibu na kichwa chanya, ni hasi. Mchubuko mdogo pale juu unatosha kuleta shoti.

Vipimo vya mwanzo

Bila vipimo vya mwanzo hutajua ni hatua ipi imesaidia na ipi imeharibu.

Mkondo hupimwa mkiani. Weka betri iliyojaa, fungua kifuniko cha nyuma, geuza mita iwe kwenye ampea 10 na uhamishie waya mwekundu kwenye tundu lake la ampea 10. Ncha moja iguse hasi ya betri, nyingine iguse ukingo mtupu wa bomba la tochi, pale ambapo alumini haina koti la rangi. Koti hilo halipitishi umeme, kwa hiyo ukilikosea mahali mita itasoma sifuri na utadhani tochi imekufa. Ukigusa sawasawa, tochi itawaka, kwa kuwa mita imeshika nafasi ya swichi. Andika namba ya kiwango cha juu cha mwanga. Ni kawaida kukuta ampea 1 au pungufu kwenye tochi ambayo boksi lake linajigamba maelfu ya lumeni. Waya za mita zenyewe zina ukinzani, hivyo mkondo halisi ni mkubwa kidogo kuliko unaosoma. Tumia waya zile zile kila unapopima.

Mwanga hupimwa kwa kuusimamisha mdomo wa tochi uelekee dari katika chumba chenye giza. Weka simu yenye programu ya kupima laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) mezani, kama mita 1 kutoka kwenye tochi, isisogezwe hata kidogo. Soma baada ya sekunde 30, kisha baada ya dakika 5. Namba hizo hazilinganishwi na za tochi ya mtu mwingine kwa simu nyingine, lakini kwa kulinganisha tochi yako kabla na baada ya kila hatua zinatosha.

Kipimo cha tatu hakihitaji mita. Kifuniko cha nyuma kikiwa kimefunguliwa, unganisha hasi ya betri na ukingo mtupu wa bomba kwa kipande kifupi cha waya mnene wa shaba. Hii si shoti, maana umeme bado unapita kwenye draiva na LED. Kama laksi zinapanda ukilinganisha na kifuniko kikiwa kimefungwa, basi springi ya nyuma na swichi ndizo zinazokula umeme wako. Tofauti ikiwa ndogo sana, tatizo liko upande wa kichwa na hutapoteza muda mkiani.

Usafi wa migusano

Futa hesi za pande zote mbili kwa kijiti cha pamba chenye spiriti mpaka kijiti kitoke kikiwa cheupe. Tochi mpya nazo hutoka kiwandani na vumbi la alumini na mafuta meusi kwenye hesi. Sugua ukingo wa bomba, pale unapokutana na kifuniko cha nyuma, kwa msasa wa 800 mpaka ung'ae sawasawa mzunguko mzima. Huo ukingo ndio hasa unaobeba umeme, hesi hubeba kidogo tu. Kaza pete inayoshikilia swichi: ina matundu mawili madogo ambayo ncha za kibano huingia. Pete iliyolegea ndiyo sababu ya tochi nyingi zinazopepesa zikigongwa.

Swichi yenyewe ikiwa na kutu ndani, ibonyeze mara nyingi mfululizo ukiwa umeidondoshea spiriti, iache ikauke. Ikiendelea kusumbua, badilisha. Swichi hizi ni za ukubwa wa kawaida na zimekusudiwa mkondo mdogo kuliko ule tunaozipitishia.

Pima tena. Kwa tochi iliyotumika mwaka au zaidi, hatua hii peke yake hurudisha mwanga mwingi.

Kuipa springi njia ya mkato

Springi ya chuma ina ukinzani wa makumi ya miliomu. Zinasikika kuwa chache, lakini chukua springi yenye omu 0.06 na mkondo wa ampea 2.8: unapoteza volti 0.17, na karibu nusu wati inabaki kwenye springi kama joto. Springi ziko mbili, mbele na nyuma. Betri ya lithiamu ikiwa nusu ina kama volti 3.7, na LED ya nguvu kwa mkondo huo inataka volti 3.2 hadi 3.4. Katika ile tofauti ndogo iliyobaki, springi mbili zinachukua volti 0.34. Ndiyo maana tochi hufifia mapema wakati betri bado ina chaji.

Dawa ni waya unaopita katikati ya springi kutoka chini hadi juu. Kata kipande chenye urefu wa springi iliyonyooka na uongeze milimita 5. Chuna milimita 2 kila upande na uzipake lehemu. Sugua kwa msasa sehemu ya juu ya springi na kitako chake, weka fluksi, pake lehemu kidogo. Lehemu kitako kwanza, waya ukiwa umesimama ndani ya springi, kisha ukunje na ulehemu ncha ya juu kwenye mzunguko wa mwisho. Chuma kisikae kwenye springi zaidi ya sekunde 3 kwa mara moja. Springi iliyopikwa sana hupoteza ukakamavu wake: unaibonyeza, inabaki chini, na betri haipati mguso. Kama lehemu haikushika, ondoa chuma, subiri ipoe, ongeza fluksi, rudia.

Ukimaliza, ibonyeze springi kwa kidole mpaka mwisho mara kadhaa huku ukiutazama waya kwa ubavuni. Unatakiwa kujikunja ndani. Ukichomoza katikati ya mizunguko, ufupishe au ukunje upya, kwa sababu mahali unapogusa ndipo matatizo yanapoanza. Mkiani, waya ukigusa bomba, swichi imerukwa na tochi haizimiki tena. Kwenye kichwa ni hatari zaidi: springi ya pale ni chanya na ukuta unaoizunguka ni hasi, kwa hiyo waya uliochomoza ni shoti ya betri nzima.

Kwenye tochi yenye draiva inayodhibiti mkondo, usishangae namba ya ampea isipopanda betri ikiwa imejaa. Faida utaiona betri ikifika nusu, pale ambapo zamani mwanga ulikuwa umeshaanza kushuka.

Kufungua kichwa

Fungua pete ya mbele, toa kioo na rifleta, yaani kile kikombe king'aavu kinachoelekeza mwanga mbele. Hesi zikiwa zimegandishwa kwa gundi, zipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika kadhaa na ushike kila upande kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Koleo litaacha makovu. Chini ya rifleta kuna kibodi (kibao kidogo cha chuma) chenye LED, na chini yake kikombe cha shaba au alumini kinachobeba LED upande mmoja na draiva upande wa pili. Kikombe hicho hufunguka kwa hesi, kikiwa na vitundu viwili vya kuzungushia.

Piga picha ya waya kabla ya kuzitoa. Waya mwekundu na mweusi ni rahisi kukumbuka, ila viwanda vya tochi hizi hutumia rangi yoyote iliyokuwapo siku hiyo.

Njia ya joto

Hapa ndipo tochi ya bei nafuu inapotofautiana kabisa na ya bei kubwa. Zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto, na joto hilo lote inabidi litoke kwa chini, kupitia kibodi, kikombe, hadi mwili wa tochi. Ukinyanyua kibodi cha LED kwenye tochi nyingi za bei ya chini utakuta kikombe ni bomba tupu: kibodi kimekalia ukingo mwembamba wa milimita moja hivi, na katikati ni hewa. Wakati mwingine kuna tone la grisi nyeupe iliyokauka kama chaki, nalo limewekwa katikati kabisa, pasipogusana na kitu.

Jaza huo uwazi. Tafuta kipande cha shaba nyekundu au alumini chenye kipenyo kinachoingia kwenye kikombe kwa kukaza, na urefu unaoacha nafasi ya draiva chini yake. Shaba nyekundu hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini. Shaba ya njano iko chini ya zote mbili lakini bado ni bora mno kuliko hewa. Toboa njia mbili za waya na ulainishe kingo zake ili zisikate koti. Kipande kikae chini ya usawa wa ule ukingo, au sawa nao, kisiupite. Kikiupita, LED itapanda juu na mwanga utaharibika, jambo tutakalolirudia kwenye rifleta.

Kisha weka msasa wa 400 juu ya kioo cha dirisha au sehemu nyingine iliyonyooka, usugue mgongo wa kibodi kwa mduara mpaka mikwaruzo ienee kote. Palipobaki na rangi ya zamani ndipo palipokuwa na bonde. Fanya hivyo hivyo upande wa juu wa kipande cha shaba. Safisha kwa spiriti, paka grisi ya joto nyembamba kiasi cha kuona chuma kwa chini yake, bonyeza kibodi na ukizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka kikwame. Grisi nyingi si bora. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu, na ikiwa nene inakuwa blanketi.

Hesi za kikombe nazo zipakwe grisi hiyo hiyo kabla ya kukirudisha kichwani. Sehemu hii husahauliwa sana, na ndiyo daraja la mwisho kuelekea nje.

Sasa washa na ushike kichwa cha tochi. Kitapata moto haraka kuliko zamani, na wengi hufikiri wameharibu. Ni kinyume chake: joto lililokuwa limefungiwa kwenye LED sasa linatoka. Kichwa kinachobaki baridi huku tochi ikififia ndicho kibaya. Linganisha laksi za sekunde ya 30 na za dakika ya 5: kama zamani zilishuka kwa robo na sasa zinashuka kidogo tu, kazi imeshika.

LED mpya

LED iliyomo huenda ni nakala ya Cree XM-L ya zamani, yenye rangi ya buluu na ufanisi mdogo. Kuibadilisha huleta tofauti kubwa zaidi kwa macho kuliko kitu kingine chochote, na si kwa sababu ya wingi wa mwanga peke yake. Rangi ndiyo hasa. LED ya kelvini 6500 (kelvini hupima rangi ya mwanga, namba kubwa ni buluu zaidi) hupausha kila kitu. Ya kelvini 4000 hadi 5000 yenye CRI (kipimo cha uhalisi wa rangi, mwisho wake 100) ya 90 na kuendelea hukuonyesha tofauti ya waya wa kahawia na mwekundu, au udongo mkavu na mbichi.

Nunua LED iliyokwisha kulehemiwa kwenye kibodi cha shaba chenye kipenyo kile kile cha kibodi chako, kwa kawaida milimita 16 au 20. Tafuta kibodi ambacho kitako cha katikati cha LED kimeungana moja kwa moja na shaba bila tabaka la kuzuia umeme katikati. Kubadilisha LED yenyewe juu ya kibodi cha zamani kunawezekana kwa kukipasha juu ya bamba la moto mpaka lehemu iyeyuke, ila kibodi cha zamani chenyewe mara nyingi ndicho kikwazo cha joto, kwa hiyo unahamishia kitu kizuri kwenye kiti kibovu.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni ukubwa: XM-L2 ina upana wa milimita 5, ilhali XP-L, XP-G2, Luminus SST-20 na Nichia 519A zina milimita 3.5. Tundu la rifleta na kile kipete cheupe cha plastiki kinachoizunguka LED lazima vilingane nayo. La pili ni mkondo ambao LED imekusudiwa: XM-L2 na XP-L ni ampea 3, XP-G2 ni ampea 1.5, XP-E2 ni ampea 1. Tochi inayotoa ampea 2.8 itaimaliza XP-E2.

Lehemu waya kwa wepesi, kwa sababu kibodi cha shaba kilichokaa kwenye kikombe kinanyonya joto lote la chuma cha kulehemu. Pake lehemu kwenye pedi, yaani vile vibapa vya kibodi vinavyopokea waya, kabla hujakifunga kibodi mahali pake. Usiguse kuba laini la silikoni la LED kwa kibano. Likichubuka, mwanga unapata doa, na likichomoka linaweza kuondoka na waya wa ndani wa LED. Mita yako ikiwekwa kwenye alama ya dayodi huweza kuwasha LED kwa mbali na kukuonyesha chanya ni ipi.

Rifleta na shoti zake

Rudisha kipete cheupe, kisha rifleta. Matone ya lehemu kwenye pedi yawe bapa, waya zilale kuelekea nje. Rifleta ya alumini hupitisha umeme na imeungana na mwili wa tochi, yaani hasi. Ikigusa pedi chanya, tochi inawaka kichwa kikiwa kimelegea na kuzimika unapokikaza. Ikigusa pedi hasi kwenye draiva za aina inayodhibiti upande wa hasi, hutokea kitu cha ajabu zaidi: tochi inang'aa kupita kiasi, viwango vya mwanga vinapotea vyote, na inapata moto kwa sekunde chache. Hapo LED imeunganishwa na betri moja kwa moja bila draiva. Zima mara moja, usiifurahie. Kata duara la utepe wa kaptoni (utepe unaovumilia joto na usiopitisha umeme) lenye tundu la LED katikati, libandike juu ya kibodi.

Elekeza tochi ukutani kwa umbali wa mita 3 au zaidi. Ukiona doa jeusi katikati ya mwanga, LED haiko kwenye kitovu cha rifleta. Kaza na kulegeza pete ya mbele kidogo kidogo: doa likipotea ukilegeza, rifleta inahitaji kunyanyuliwa kwa kuongeza pete nyembamba ya plastiki chini yake, likipungua kadiri unavyokaza, kipete cheupe ni kinene na kisuguliwe kwa msasa, kidogo tu halafu ujaribu tena. Mwanga ulioegemea upande mmoja maana yake LED haiko katikati ya tundu.

Tochi za kuvuta kichwa ili kukusanya mwanga hutumia lenzi, hazina rifleta, na ukikusanya mwanga mpaka mwisho utaona mraba wa LED ukutani. Hiyo si hitilafu.

Kwa anayetaka mwanga mpana wa kufanyia kazi karibu, bandika filamu ya kutawanya mwanga ndani ya kioo. Hata utepe wa plastiki usiong'aa, ule wa ofisini unaoandikika, unafanya kazi nzuri.

Mkondo, kama bado unautaka

Jicho halihesabu mwanga kama mita. Ongezeko la asilimia 20 halionekani bila kuweka tochi mbili pamoja, na ili mwanga ufike mara mbili ya umbali wa sasa unahitaji nguvu mara nne. Pima kama faida hiyo inastahili betri itakayoisha mapema.

Draiva zenye vichipu vidogo vilivyoandikwa 7135 ndizo rahisi. Kila AMC7135 hupitisha takribani miliampea 350: vichipu 4 ni ampea 1.4, vichipu 8 ni ampea 2.8. Kuongeza ni kupandisha kichipu kipya mgongoni mwa cha zamani, miguu mitatu ikae juu ya miguu mitatu kwa mwelekeo ule ule, na kulehemu kila mguu pamoja na ulimi mpana wa upande wa pili. Ongeza viwili, pima, ndipo ufikirie vingine. Vichipu vya juu havipozwi vizuri: betri ikiwa na volti 4.2 na LED ikitumia 3.2, kila kichipu kinamaliza wati 0.35 kama joto, na kikizidiwa hujipunguza chenyewe.

Draiva zenye koili hupima mkondo kwa rizista ndogo iliyoandikwa kwa mfano R200, yaani omu 0.2. Ukilehemu rizista ya omu 1 juu yake, jumla inakuwa omu 0.167 na mkondo unapanda kwa asilimia 20. Ishia hapo. Koili ina kikomo chake. Ukikivuka, umeme wa ziada hautoki kama mwanga, unaichemsha koili.

Wengine hung'oa draiva na kuweka mpya ya milimita 17 yenye viwango unavyovitaka, bila ile modi ya kupepesa ambayo lazima uipitie kila unapotaka kuzima. Hilo ni jambo la busara kuliko kupandisha vichipu. Pima kipenyo kwa vernia (kipimio cha sehemu za milimita) kabla ya kuagiza, maana draiva pana kwa nusu milimita haiingii, na nyembamba kwa nusu milimita haigusi ukuta.

Betri nayo iwe imekusudiwa kutoa mkondo huo bila kuhangaika, ikiwezekana mara mbili yake. Itoe kwenye tochi ikifika volti 3.0, na isiachwe ishuke chini ya 2.5. Tochi zisizokatisha umeme zenyewe huiua betri kimya kimya ikisahaulika imewaka.

Kufunga na kujaribu

Paka mipira ya kuzuia maji grisi ya silikoni, kiasi cha kung'aa tu. Grisi isiingie kwenye ukingo wa bomba uliousugua. Kioo cha plastiki kilichochubuka kibadilishwe na cha kioo halisi chenye unene ule ule. Kikizidi unene, pete ya mbele haitafunga mpira wake sawasawa.

Washa kiwango cha juu, tochi ikiwa mkononi, usiiache mezani. Mwili ukifika mahali ambapo huwezi kuendelea kuushika, uko karibu na nyuzi joto 60, na hicho ndicho kikomo cha joto cha betri ya lithiamu pia. Ukifika hapo ndani ya dakika 3, punguza mkondo. Ukichukua dakika 10 na zaidi, uko salama kwa matumizi ya kawaida.

Jaribio la maji lifanywe tochi ikiwa baridi na imezimwa, bila betri: itumbukize kwenye ndoo dakika 10, ifute, fungua mkia na utazame hesi. Ya kuvuta kichwa usiitumbukize kabisa. Kila unapovuta kichwa chake hufyonza hewa ya nje, na kwenye maji itafyonza maji.